Helikopta Katika Kihamba cha Baba

Ndoto niliyoota usiku wa jana naisimulia kama ilivyokuja, siitii chumvi, na anayetaka kucheka acheke.

Kwanza mjue jambo moja. Kihamba kwetu Machame si shamba tu. Ni migomba, ni kahawa, ni nyumba ya mama, na wazee wamezikwa humohumo. Mimi, Anaeli Nkya, ndiye mtoto wa kiume wa mwisho, kwa hiyo, kwa mila yetu, baba alipofariki kihamba kilikuja kwangu. Na leo saa nne asubuhi nilikuwa niende benki kukiweka rehani, ninunue helikopta ya kuwazungusha watalii juu ya Mlima.

Mke wangu Ndeshi alisema tukodi kwanza, msimu mmoja, tuone kama wateja wapo. Nikamjibu mimi si mtu wa kukodi. Mama yeye hakubishana. Alininyamazia tu, miezi mitatu, simu zangu hapokei, na mtu akimtajia jina langu anauliza habari za mvua.

Basi nikaota helikopta imetua katikati ya migomba, saa sita mchana, jua kali. Mapanga yake yanazunguka na hakuna jani linalotikisika. Kuku wanaendelea kupekua chini yake.

"Anaeli," ikaniita. Sauti yake ni ya upole, ya mtu aliyekuja kuposa. "Unanikodi au unaninunua?"

"Tofauti ni nini?" nikauliza, nikijitia sijui.

"Ukinikodi, mwenye mali ni mwingine. Nikiugua ananitibu yeye. Msimu ukiisha unanirudisha kama ulivyonikuta. Ukininunua, mimi ni wako. Kila kipande changu kina saa zake za kuishi. Zikiisha kinatolewa, hata kama bado kinang'aa, na kipya kinatoka kwako."

"Nitaagiza vipuri, usijali."

"Sikusema kuagiza. Nimesema kinatoka kwako."

Nikasema nanunua. Hata usingizini nina kiburi, Mungu anisamehe.

"Basi upimwe," ikasema.

Hilo halikunishangaza. Katika kazi ya helikopta kila abiria hupimwa uzito kabla ya kupanda, na mzani niliokwisha kuununua, ule mwekundu wa plastiki, ulikuwa pale chini unaningoja. Nikapanda.

"Kilo mia nne na sita," mzani ukasema. Ulikuwa na mafua.

"Umeharibika wewe. Mimi nina themanini na mbili."

"Wewe, ndiyo. Mimi nimewapima wote. Mko watano."

Nikageuka nyuma. Hapakuwa na mtu. Lakini kuuzunguka mzani palikuwa na nyayo za watu waliokuja pekupeku, zimejaa matope mabichi, na vidole vyote vimenielekea mimi. Aisee, nikashuka haraka.

Nikafungua mlango wa helikopta niingie, nikajikuta benki. Ni benki kweli, ina kaunta na kalamu zilizofungwa kamba, ila migomba imeota kati ya meza na wateja wanaipisha. Mwanamke mmoja wa suti na gambuti ananisogelea. Mkononi ana mhuri.

"Mimi ni mkaguzi," anasema. "Mali inayorudishwa lazima ikaguliwe."

"Sirudishi kitu, dada. Nimenunua."

"Si helikopta. Nimekuja kwa ajili ya kihamba."

"Kihamba ni changu. Hati ina jina langu, tazama!"

Hakutazama. Akakunjua karatasi ndefu, ikapita kaunta, ikatoka mlangoni, na sikuona ilikoishia. Akasoma kama mtu anayeita mahudhurio. "Ndetaulo. Alikipokea, akakirudisha kama alivyokikuta. Kirama. Alikipokea, akakirudisha kama alivyokikuta. Ndewirwa. Alikipokea, akakirudisha kama alivyokikuta. Elisa, baba yako. Alikipokea, akakirudisha na migomba arobaini zaidi." Akanitazama. "Anaeli. Umekikodi tangu mzee alipofariki. Msimu wako unaisha saa nne asubuhi."

Nilitaka kumbishia. Mimi nikianza kubishana huwa sishindwi, muulizeni Ndeshi. Ila tulikuwa tumesharudi kihambani, tumesimama kwenye kaburi la baba.

Kaburi lile limezungushiwa isale. Ni mmea wa majani marefu ambao kwetu hupandwa mipakani na makaburini, na hauguswi ovyo. Sasa ulikuwa umeng'olewa wote, umelazwa chini, umepangwa duara kubwa safi.

"Nani aliyeng'oa?" mkaguzi akauliza.

"Mimi. Nilitaka mahali pa kutua."

Nilijibu hivyo, kirahisi tu, kama mtu anayeulizwa saa. Hadi sasa nikikumbuka naona haya. Mkaguzi hakukasirika. Akapiga mhuri kwenye kiganja chake mwenyewe, akaondoka, na gambuti zake hazikutoa sauti.

Helikopta ikakohoa. "Kipande changu kimoja kimemaliza saa zake," ikasema. "Usihangaike, nimeshapata kingine."

Nikachungulia. Nyuma, mahali penye injini, ameketi mama. Amevaa kitenge chake cha kanisani, mikono imekunjwa mapajani, na mkanda umemfunga kifuani.

"Mshushe!" nikapiga kelele. "Huyo ni mama yangu!"

"Najua. Ndiyo maana ametoka kwako. Saa zilizobaki kwake zinanitosha msimu mmoja."

"Mama! Mama, ni mimi!"

Mama hakugeuka. Akauuliza mkanda, kwa adabu kabisa, "Mvua unadhani itanyesha?" Mkanda ukamjibu kwamba haijulikani.

Jamani, nililia. Nililia vibaya, mtu mzima na ndevu zangu. Mapanga yakaanza kuzunguka kwa kasi, na kwa mara ya kwanza majani ya migomba yakatikisika, yote, yakinielekea mimi.

Hapo nikakumbuka. Kwetu, ukimkosea mtu hadi maneno ya kusema yakaisha, unachuma jani la isale, unalifunga fundo, unampelekea. Aliyeletewa isale hakatai. Nikaokota jani moja kwenye lile duara, nikalifunga fundo. Mimi ni mashoto, fundo langu hukaa upande. Mama amekuwa akinicheka kwa kamba zangu za viatu tangu nikiwa darasa la kwanza.

Nikaanza kutembea. Ilikuwa hatua kumi tu hadi kwenye helikopta, lakini nilitembea na nikatembea, na nyuma yangu nasikia miguu mingine inakanyaga matope, taratibu, palepale inapokanyaga yangu. Sikugeuka. Nilijua ni akina nani, na niliogopa kumwona baba usoni.

Nilipofika, mlango wa helikopta ulikuwa mlango wa jiko la mama, ule wa bluu. Umefungwa.

"Hodi," nikasema.

Nikabisha tena.

"Hodi, mama."

Nikainama nikaliweka jani kizingitini. Kitasa kikaanza kuzunguka, nami nikaamka.

"Unapiga hodi usingizini," Ndeshi akaniambia. Alikuwa amekaa kitandani ananikodolea macho. "Umepiga mara mbili. Umenitisha, baba Neema."

Kulikuwa kumekucha. Tuko nyumbani kwetu, Moshi mjini, na bahasha yenye hati iko mezani nilipoiacha. Nikamwambia Ndeshi ndoto ni ndoto, anipashie maji ya kuoga, nisichelewe benki.

Simu ikalia. Jina la mama. Ndeshi akaipokea, akaniwekea sikioni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja huku usiku?"

"Hapana, mama. Nimelala hapa. Muulize Ndeshi."

"Nimefungua mlango wa jikoni nimekuta jani la isale." Nilisikia jogoo wake anawika. "Limefungwa fundo la upande. Hakuna mtu mwingine ninayemjua anayefunga hivyo."

Ndeshi alikuwa ameweka sikio lake karibu na langu.

"Nimelipokea," mama akasema.

Machozi yakanitoka, na safari hii nilikuwa macho. Nikachukua ile bahasha nikampa Ndeshi. "Wapigie simu wenye helikopta," nikamwambia. "Waambie tunakodi. Msimu mmoja."

"Anaeli, bado upo?" mama akauliza.

"Nipo, mama."

"Huku mvua haijanyesha wiki ya pili, na hapa mlangoni kuna nyayo za matope. Nimezihesabu, ni za watu watano, zinakuja tu, hazirudi." Sauti yake haikuwa na hofu hata kidogo. Nilisikia anapanga vyombo. "Sasa niambie unafika saa ngapi. Wenzako wanne nimeshawatilia chai."