Ndoo Nyekundu ya Ofisini

Mwaka ule tulipohamishiwa kijiji kipya, nyumba yangu iliangukia maili tisa kutoka ofisini, Singida mjini. Nilikuwa na baiskeli moja, shati jeupe moja, na miezi sita ya majaribio. Kazi ya ukarani niliipata nikiwa na miaka thelathini na miwili, baada ya kusoma shule ya usiku miaka minne. Miezi sita ikiisha mkaguzi angekuja, naye ndiye angeamua nithibitishwe au nirudi kulima.

Karani mkuu, Bwana Kitwana, alikuwa mzaliwa wa mjini, na marashi yake yalitangulia kuingia ofisini kabla yake. Wiki yangu ya kwanza alinisimamisha mbele ya wenzangu.

"Ndugu Lazaro, unakuja kazini au umetoka kuchimba kisima? Tazama, faili limejaa alama za vidole vyako."

Wakacheka. Mimi sikucheka.

"Mkaguzi akikukuta hivi," akasema, "mimi sitakutetea."

Tangu siku ile nikajiwekea utaratibu. Jioni mke wangu, Felista, alilipiga shati pasi ya mkaa, tukalikunja ndani ya gazeti pamoja na suruali, tukazungushia kanga na kulifunga kwenye keria. Njiani nilivaa kaptura kuukuu na viatu vya tairi. Niliondoka kabla jua halijachomoza. Maili ya mwisho niliikokota baiskeli kwa miguu ili jasho likatike, maana ukinawa mwili ukiwa bado moto, unatoka jasho upya ndani ya shati safi. Hilo sikufundishwa na mtu. Nyuma ya ofisi kulikuwa na jiwe kubwa. Huko nilijifuta kwa kitambaa chenye maji, nikapaka ndimu kwapani, nikavaa. Saa moja na nusu nilikuwa mezani.

Shida ilikuwa maji. Mvua zilikuwa zimekataa, na bomba la ofisi lilifunguliwa saa nne tu, kwa muda mfupi. Kijijini wanawake walipanga foleni kisimani tangu alfajiri, nisingeweza kuchukua maji ya watoto nikaenda kunawia mjini. Lakini kwenye ukuta wa ofisi zilining'inia ndoo mbili nyekundu za kuzimia moto, moja ya mchanga na moja ya maji. Kila asubuhi nilichota kopo moja. Nilijiambia, ni kopo tu.

Aliyeijaza ndoo ile ni tarishi wetu, Mzee Alute, mtu wa umri wa baba yangu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Leo umependeza kama bwana harusi." Kisha aliitazama ndoo na kutikisa kichwa. "Ndege wa mwaka huu wana kiu! Nimetega mitego miwili na sijanasa hata mmoja."

Mwezi wa tano wa majaribio yangu Bwana Kitwana alimpa mzee onyo la maandishi kwa sababu ya ndoo kutojaa. Akirudia, ataachishwa kazi. Barua ile niliichapa mimi. Niliisoma mara mbili kuhakikisha haina kosa la herufi, nikaipeleka isainiwe.

Siku ya mkaguzi upepo ulinipiga kifuani njia nzima, na mnyororo ukachomoka mara tatu. Nilifika saa mbili kasorobo, mikono imejaa grisi. Kopo moja lisingetosha. Nikaitungua ndoo yote, nikaenda nayo nyuma ya jiwe, nikatumbukiza mikono na sabuni humohumo. Nilipoirudisha ukutani, maji yalikuwa ya rangi ya chai, yana povu juu. Nikasema moyoni, saa nne bomba likifunguliwa nitayabadilisha.

Saa mbili na nusu gari la mkaguzi likasimama mlangoni.

Aliitwa Ndugu Ignas, mtu mfupi asiyecheka. Alipekua faili zangu moja baada ya nyingine, akatazama kola yangu, akatazama kucha zangu.

"Unakaa wapi?"

"Maili tisa kutoka hapa, ndugu mkaguzi."

"Unakuja na nini?"

"Baiskeli."

Akanitazama tena, akamgeukia Bwana Kitwana. "Huyu anafaa." Akachomoa barua ya kunithibitisha, akaiweka mezani, akafungua kalamu. Kisha akasita. "Tumalize kwanza na huko nje. Nitasaini barua hii na taarifa ya ukaguzi pamoja."

Tukatoka. Akachungulia ndoo ya mchanga. Akachungulia ya maji. Akachovya kidole, akakinusa.

"Nani anaoga humu?"

Bwana Kitwana akageuka kama aliyechomwa na mwiba. "Alute!"

Mzee akaja na kofia mkononi. Aliliona povu. "Mabwana, jana niliijaza. Wallahi niliijaza. Ndege..."

"Ndege wanaoga kwa sabuni?" Bwana Kitwana akafoka. "Onyo lako la pili hili. Kabidhi funguo!"

Mzee akaanza kuzifungua funguo kiunoni. Fundo lilimshinda. Nilisimama hatua mbili tu kutoka kwake, nanukia ndimu, na barua yangu iko mezani mle ndani. Alikuwa amelilegeza fundo niliposikia sauti yangu mwenyewe.

"Ni mimi. Tangu mwezi wangu wa kwanza."

Mkaguzi alirudi ndani, akaikunja barua mara mbili, akaitia mfukoni.

"Miezi sita mingine," akasema. "Kama si kusema mwenyewe, ungeondoka leo."

Jioni Mzee Alute alinisubiri kwenye baiskeli yangu. Funguo zilikuwa zimerudi kiunoni.

"Ukaniamkia kila siku," akasema. "Na mimi nategea ndege!"

Nilisukuma baiskeli nikiwa nimevaa shati langu la kazi, vumbi likalila lote.

Asubuhi iliyofuata nilimwamkia, akaitika bila kunitazama. Nikapita nyuma ya jiwe nikiwa na kitambaa kikavu. Palikuwa na kopo kuukuu la rangi, limefunikwa kwa kijiwe bapa, na ndani yake maji hadi nusu.

Nilichungulia. Mzee alikuwa anafagia, amenipa mgongo.

"Hayo ni ya ndege," akasema. "Ile nyekundu usiiguse."