Sauti ya Chini ya Meza

Fundi alipata kazi kwa sababu ya mikono yake na mwili wake. Hakuwa mnene wala mwembamba. Gauni lolote la saizi ya kati lilimkaa kama amezaliwa nalo. Bosi wake, mama mwenye kampuni ya nguo nchi ya jirani, alimtumia michoro kwa simu. Yeye akashona gauni la mfano chumbani kwake, akalivaa, akajigeuza mbele ya simu, bosi akasema punguza hapa, ongeza pale.

Sasa mwili ulikuwa na mambo yake. Mimba ya miezi mitano haijui kujificha.

"Mwambie tu, wifi," alisema Mlingoti, dada wa mumewe, aliyeitwa hivyo kwa urefu wake.

"Nimwambie anifukuze? Kule karakana ya zamani, mwenzetu tumbo lilipoonekana tu, kesho yake kitini kakaa mwingine. Na yule bosi alikuwa wa hapahapa, unamfuata hadi mlangoni unamlilia. Huyu wangu nitamshtakia wapi? Kwa askari wa mpakani?"

Basi Mlingoti akakubali kuvaa yeye. Simu waliiegemeza kwenye chupa ya maji isionyeshe juu ya shingo, na fundi akajikunja chini ya meza ya kukatia, ili sauti iwe yake.

"Jigeuze," bosi akasema.

Mlingoti akajigeuza kwa madaha, kiuno chote kikishiriki.

"Mbona gauni limepanda? Magoti yote nje!"

"Kitambaa kimesinyaa, bosi," meza ikajibu.

"Hmm. Inua mkono wa kushoto."

Mkono ukainuka, na pini iliyosahaulika kwapani ikafanya yake.

"Mama yangu weee! Wifi, unataka kuniua?" Mlingoti akapiga ukelele, wakati huohuo sauti ya chini ya meza ikisema kwa utulivu, "Kwapani liko sawa kabisa, bosi."

Bosi akasogeza uso karibu na simu.

"Nyinyi," bosi akasema, "mko wangapi humo ndani?"

Fundi akajaribu kutoka, tumbo likagoma. Mlingoti akamshika mikono, akamvuta kama gunia lililokwama uvunguni. Alipofika mbele ya simu alisimama ubavu, asifiche kitu.

"Samahani, bosi. Tuko wawili na nusu."

Bosi alitaka kukasirika, kicheko kikamwahi. "Kumbe! Nami nashangaa fundi wangu amerefuka!"

"Utanifukuza?"

"Nikufukuze nishtakiwe? Nimekuajiri huko, kwa hiyo sheria zinazonibana ni za huko unakoishi. Ndiyo maana nilimtafuta wakili wa kwenu kabla hujashona hata kifungo. Bima ya matibabu nakulipia, akiba ya uzeeni nakuchangia, na likizo ya uzazi ipo, mshahara ukiendelea. Ukirudi, kazi yako unaikuta. Si nilikueleza siku ile?"

"Ulinieleza. Nikadhani hayo ni ya watu wa ofisini. Sisi wa cherehani huwa tunaitikia tu."

"Kliniki unakwenda?"

Fundi akatazama chini. "Mara moja, kwa hela yangu. Niliogopa nikitumia bima utajua."

"Jamani, mdogo wangu!" Sauti ya bosi ikalegea. "Kesho uende. Gauni litasubiri."

Fundi akakaa kitini. Mlingoti, ambaye kunyamaza hakukuwa kazi yake, akaingiza uso wote kwenye simu.

"Shikamoo, bosi. Sasa wifi yangu akipumzika, atavaa nani?"

"Marahaba. Wewe hapana! Utanimalizia vitambaa."

"Basi tushonee na sisi warefu. Tuko wengi mjini, tunatembea magoti nje."

Bosi akavuta daftari lake. "Saizi hiyo kweli sina."

"Ila kwa mkataba, bosi. Na likizo yangu inaanza lini?"

"Kazi hujaanza!"

"Nauliza tu, wasije wakasema nami nilikuwa naitikia."

Fundi alicheka mpaka machozi yakamtoka. Kisha akachukua mkasi mdogo, na huku wawili hao wakiendelea kuvutana, akaanza kufumua sketi yake iliyombana kiunoni, uzi mmoja baada ya mwingine, mpaka akaweza kuvuta pumzi kwa nafasi.