Jua Bado Liko Juu

Kila Jumamosi saa nane mchana, kwenye ukumbi wa kanisa letu hapa Thika, Sista Una alitusomea. Alikuwa sista mzee kutoka Ayalandi, na Thika alikuwa amekaa miaka arobaini na moja. Chai ya tangawizi ikishamiminwa, alifungua daftari lake la jalada jeusi, akaweka kidole chini ya mstari wa kwanza, akasoma polepole hadithi na mashairi ya kwao aliyoyatafsiri mwenyewe. Akifika mwisho wa shairi alifumba macho, na hakuna aliyegusa kikombe.

Kwao, alituambia, watu huketi kuzunguka moto, na aliyesimuliwa hadithi, naye hutoa yake. Basi tukatoa. Ndinda alisimulia ya fisi. Simeon, anayetunza ukumbi, alisimulia ya babu yake na baiskeli. Sista aliandika zote. Mtu akimaliza, aliuliza, "Na baadaye?" Hata kama kila mtu kwenye hadithi ameshakufa.

Mimi peke yangu sikutoa. Ninayo moja ya mama yangu, ya mwanamke aliyefuata maji mpaka chini ya mwamba. Lakini kwetu Bungoma hadithi husimuliwa giza likiingia. Ukisimulia mchana, mama alisema, watoto hawakui.

"Mama Boaz," Simeon akanicheka, "na hizo mvi zote, bado unangoja kurefuka?"

"Nina wajukuu, wewe! Unataka wabaki wafupi kama wewe?"

Watu walicheka, Sista zaidi ya wote. Akanikaribisha nilale nyumbani kwa masista siku moja, anisikilize usiku. Mimi naishi mbali, Kiuu, na geti la masista hufungwa saa kumi na mbili. Nikasema mwezi ujao. Mwezi ukaja, nikasema ujao tena. Mara nafua, mara mtoto ana kikohozi. Miaka mitatu hivyo.

Mwaka jana miguu yake ilivimba, wakaamua kumrudisha kwao, kwenye nyumba ya masista wazee. Siku mbili kabla ya ndege nilienda kumuaga. Alikuwa kitandani, daftari kifuani.

"Imebaki yako tu, Mama Boaz. Nataka kuwasomea kule, karibu na moto."

"Sista, si unaona jua?"

Akainuka kwa shida, akavuta pazia. Lilikuwa pazia la kijani, jepesi, na mwanga ulipita kama maji kwenye kichungi.

"Haya. Giza limeingia."

Nilicheka. Nikamwambia jua halidanganywi na kitambaa. Hakucheka. Alinipapasa mkono, akasema, "Sawa, mama. Nitangoja." Nikamwachia ndizi nilizomletea, nikaenda zangu Kiuu, tena nikijiona nimeheshimu mambo ya mama yangu.

Alifariki mwezi wa pili mwaka huu. Daftari lilirudi kwa posta, na Simeon akanipa nilifungue. Kwenye ukurasa wa mwisho wenye maandishi alikuwa ameandika jina langu, akapiga mstari chini yake kwa rula. Chini ya hapo maneno manne: Jua bado liko juu. Kilichofuata ni karatasi tupu.

Wajukuu wangu sasa wamenipita kimo. Huyu mkubwa huinama mlangoni. Nilikuwa nalinda nini?

Jumamosi iliyopita nilisimama ukumbini, madirisha wazi, jua likinipiga usoni. Nikasimulia yote: mwamba, maji, na wimbo alioimba yule mwanamke akishuka. Nilipomaliza walipiga makofi, na Ndinda akajifuta macho kwa leso.

Nikabaki nimesimama. Nilikuwa nangoja mtu aseme, "Na baadaye?" kwa sababu ipo sehemu nyingine, ya yule mwanamke akirudi, na hiyo husimuliwa kwa anayeuliza tu.

Simeon akaanza kupanga viti.