Jiwe la Atai Kwenye Mlingoti wa Chama

Manuarii, baba yangu, alizaliwa na Taputu, na Taputu alizaliwa na Atai. Katika ukoo huo hapajatokea mtu aliyeitwa mwongo mbele ya mlango wa kanisa. Jiwe jeusi ambalo wanaume wa kisiwa chetu hulibeba begani kila Januari, baada ya sala, lina jina la Atai. Anayelibeba hutoa ahadi kwanza, na jiwe huwa na uzito wa ahadi yake. Taputu aliahidi ukuta wa kanisa akazama udongoni hadi vifundoni. Ukuta ungalipo.

Mwaka wa uchaguzi alikuja kwa ndege Bwana Heifara Lagarde, kiongozi wa Chama cha Mamlaka ya Ndani, shingoni amejaa mashada ya maua. Aliweka kiganja juu ya jiwe.

"Ndani ya mamlaka yetu wenyewe, chini ya bendera zote mbili, yetu na ya Ufaransa," alisema, "nyumba ya kuzalia itafunguliwa hapa."

Jiwe lilimtoka mkononi likapaa hadi usawa wa minazi. Mchungaji alilirushia kamba, wakalifunga kwenye mlingoti wa bendera ya chama. Watu walipiga makofi.

"Heifara, vua hayo maua," Tetua, shangazi wa kijiji kizima, alimwambia. "Jiwe limeshapaa, wewe unangoja nini?"

Mjukuu wangu Poerani alimpigia kura. Alikuwa mjamzito, na wanawake wetu hupelekwa Papeete, mji mkuu, kwa ndege kabla ya siku zao. Yeye alitaka kujifungulia nyumbani, kondo la nyuma lizikwe likiwa bado na joto chini ya mshelisheli lilipozikwa lake na la mama yake.

Baada ya ushindi, mafundi walisimamisha mlango katikati ya uwanja. Ulikuwa mlango mzuri, wenye rangi ya zambarau na kitasa cha shaba. Lagarde alikata utepe, akaeleza kwamba mamlaka ya kuchagua rangi ya mlango ni yetu kabisa, ila mamlaka ya kuajiri mkunga yamebaki Paris.

Poerani aliufungua. Upande wa pili farasi wa mchungaji alikuwa akila majani.

"Na mimi nizalie wapi, Bwana Lagarde? Hapa kizingitini?"

"Binti yangu, tunakwenda hatua kwa hatua."

"Hee! Na mtoto naye aje hatua kwa hatua?" aliuliza Tetua. "Leo kichwa, mwakani miguu?"

Watu walicheka. Lagarde naye alicheka, kwa kuwa ni mtu wa watu.

Poerani alipanda ndege akilia. Alirudi na mtoto wa kike mgongoni, na kondo la nyuma ndani ya sanduku la barafu, gumu kama samaki wa dukani. Tulilizika hivyo hivyo. Kisha, mikono yake ikiwa na udongo, alikwenda kwenye mlingoti akaishika kamba.

"Wa pili nitamzaa hapa," alisema, "hata akitokea shambani kwenye magimbi."

Jiwe lilishuka kwa kishindo, likavunja mlingoti, likajichimbia ardhini hadi nusu. Hakuna aliyeweza kulitikisa. Tetua alianika nguo juu yake.

Uchaguzi uliofuata Lagarde alirudi. Aliondoa khanga ya Tetua kwa adabu, akaweka kiganja, akaahidi mlango wa pili, wenye madirisha. Jiwe liling'oka na kupaa, udongo ukimwagika juu ya kofia zetu za mkadi. Watu walikung'uta kofia, wakapiga makofi, wakampa kura nyingi kuliko mwanzo. Poerani, mwenye mimba ya pili, alikuwa akifunga tena sanduku la safari, maana mkunga bado hakuna.

Ninyi vijana, zimeni hizo simu mnisikilize. Siku za kura zimekaribia, na watu hao wanakuja tena na mashada yao. Mtu akitoa ahadi, acheni kumtazama usoni. Litazameni jiwe.