Nafasi ya Taras

Bao la pili lilipita palepale lilipopita la kwanza, na wazee waliokuwa wakila perohi, vile vitumbua vya unga vyenye viazi ndani, kando ya uwanja wakaanza kuzomea.

"We Orest! Hiyo barabara unampitishia nani, ng'ombe wako?"

Orest Hnatiuk hakugeuka. Alikuwa beki wa kulia wa timu ya mpira wa magongo wa barafuni ya kijiji chake cha wakulima wa ngano, kule Saskatchewan, Kanada, na barabara ile aliiona vizuri kuliko wao. Kushoto kwake alikuwapo Marcel Gaudet, fundi wa matrekta aliyehamia kijijini mwaka ule. Katikati yao palikuwa wazi, upana wa mtu mzima mmoja.

Kazi ya beki kwenye barafu haina uganga. Adui akija na kile kisahani cheusi, mnamsukumia pembeni, akabanane na ukuta huko. Katikati hapiti mtu. Mmoja wenu akitoka kwenda kukaba, wa pili anabaki nyuma na kupaza sauti: "Niko!" Ukisikia hivyo unakwenda bila kugeuza shingo, maana anayegeuza shingo amekwisha kufungwa.

Miaka yote sauti hiyo ilikuwa ya Taras, kaka yake Orest. Novemba Taras alivuka ziwa kwa pikipiki ya theluji wakati barafu haijakomaa, akazama. Walimzika, wakarudi uwanjani, na katika mechi ya kwanza tu Orest akaisikia, kushoto, karibu kabisa na sikio: "Niko!" Sauti nzito ya mtu mwenye mafua. Marcel hana sauti ile. Nywele zilimsimama, na siku ile alicheza ovyo. Lakini mechi zilivyoendelea akawa anaingoja. Halafu, bila kupanga, akaanza kusogea kulia kidogo, asije akamkanyaga kaka yake.

Mapumziko yalipofika, mabao yalikuwa mawili kwa mawili, na atakayefungwa anakwenda nyumbani mpaka msimu ujao. Kocha Bernice Yaremko alifunga mlango wa chumba cha kuvalia kwa teke.

"Nyuma nimepanga watu wawili. Nyinyi mnacheza watatu. Wa tatu ni nani?"

Kila mtu akakitazama kiatu chake. Walijua wote kwamba ni Taras, waoga wakubwa.

"Mimi napiga kelele mpaka koo linaniuma, Kocha," Marcel alisema. "Huyu bwana hanisikii."

"Nakusikia."

"Basi mbona huendi?"

Orest akachukua gongo lake. Angesemaje? Kwamba anaogopa kuliko mtoto? Akiiziba ile nafasi hatasikia tena sauti ya kaka yake, na hana pengine pa kuisikia duniani.

Alitoka akasimama ukumbini. Mama yake, Olha, alikuwa amekwisha kufika pale na koti lake la manyoya.

"Unamwona kaka yako?" aliuliza.

"Namsikia tu, Mama."

Hakushtuka. "Mkesha wa Krismasi tulimwekea sahani yake. Tukamwachia ngano ya asali mezani, aje ale usiku. Asubuhi nilifanya nini?"

"Uliondoa."

"Niliondoa, nikaosha. Nililia huku naosha, lakini niliosha. Marehemu tunamwandalia usiku mmoja, ale, ashibe, aende zake. Wewe unamwandalia kila Jumapili uwanjani. Unamchosha mwanangu, Orest. Hapumziki."

"Nikiziba sitamsikia tena."

"Najua. Unadhani mimi sitaki kumsikia?" Akamsukuma kuelekea uwanjani. "Kaizibe."

Kipindi cha mwisho kilikuwa cha kusukumana tu, hakuna aliyepata bao. Dakika zikaisha moja moja mpaka winga wa wapinzani, jitu la mabega mapana, akakinasa kisahani katikati ya uwanja. Akainua macho, akaiona barabara yake, akatabasamu.

"Usipoziba ufa utajenga ukuta!" mzee mmoja alipayuka.

"Niko!" Taras alisema, kushoto.

Orest akasogea kushoto. Baridi ilimwingia mpaka kwenye mizizi ya meno, naye amezaliwa kwenye baridi na kukulia humo. Harufu ya maji ya ziwa ikamjaa puani.

"Hapa ni kwangu, mdogo wangu."

"Najua, kaka. Nisamehe."

Orest hakuondoka. Winga alimvaa kifuani, wote wawili wakayumba, kisahani kikaponyoka. Marcel akakiwahi, akakituma mbele kwa pasi moja ndefu. Huko mbele mtu akafunga, honi ikalia, na timu nzima ikamrukia mfungaji, lundo moja la magongo na kelele.

Orest alibaki nyuma, katikati, pale alipokuwa amesimama. Hakukuwa na harufu tena. Baridi ilikuwa ya kawaida.

"Taras," aliita chini chini.

Akageuza shingo kushoto.

Akaita tena, na safari hii sauti ikamtoka kubwa kuliko alivyotaka. "Taras, upo?"

"Niko!"

Alikuwa Marcel, anakuja mbio huku anacheka. Katika zogo lile alikuwa amesikia swali, hakusikia jina. Orest akamkumbatia, akaangua kilio mbele ya kijiji kizima. Marcel akadhani ni furaha ya ushindi, akawa anampigapiga mgongoni.