Karatasi za Kumfuata Barafu

Kila jioni mumewe alipopiga simu, baada ya salamu swali lilikuwa lile lile: "Karatasi zimefika wapi?"

Na mkewe, Pazia, hakukosa jibu. Mara tafsiri ya cheti cha ndoa ina kosa la herufi, mara mashine ya alama za vidole imeharibika, mara afisa wa vyeti vya tabia njema yuko likizo.

"Wananipiga danadana tu," alisema. "Leo njoo kesho, kesho njoo keshokutwa."

"Vumilia, mke wangu. Ofisi zetu si unazijua?"

Safari hii ofisi zilikuwa zinasingiziwa. Cheti cha tabia njema kilitoka mapema kuliko ahadi. Tafsiri ilikuwa safi, imegongwa muhuri. Hata picha za arusi alikwisha kuzichapisha. Vyote alivitia kwenye bahasha, akaiweka kabatini kwenye karakana yake ya ushonaji, na hapo ikakaa.

Jina la Pazia alipewa na wateja, kwa sababu ya kazi yake ya kushona mapazia. Mumewe alikuwa fundi wa majokofu, na mtaa mzima ulimwita Barafu. Hawakuwa wamemaliza hata miaka miwili ya ndoa Barafu alipopata kazi ng'ambo, kwenye maghala ya baridi ya kuhifadhia nyama. Walikubaliana atangulie, mke amfuate.

Wakati huo Pazia alikuwa na cherehani moja tu, kwenye kona ya chumba cha kulala. Mume alipoondoka, nyumba ikawa kimya mno, naye akajizamisha kazini. Akakodi chumba barabarani, akanunua cherehani ya pili, akaajiri mama mmoja jirani yake wasaidiane. Shule ikampa kazi ya mapazia ya mabweni. Watu wakaanza kumwita awapimie madirisha hata kabla nyumba hazijapigwa rangi. Asubuhi alikuwa akinywa chai amesimama, kwa hamu ya kuwahi karakanani, jambo ambalo halikuwahi kumtokea maishani.

Mumewe hakuwa amemchoka, na hilo ndilo lililomchanganya. Akiisikia sauti yake moyo ulitulia. Lakini akiifikiria ile bahasha, aliona mlango wa karakana ukitiwa kufuli. Sasa angemwambiaje? Mtu anaganda kwa baridi huko kwa ajili yako, halafu umwambie huji? Akaona heri uongo kidogo, amalize kwanza mapazia ya mabweni. Yakaisha ya mabweni, yakaja ya zahanati.

Kilichokuwa kimebaki kweli ni barua ya ndugu wa mume, ya kuthibitisha kwamba ndoa ile ni ya haki. Kazi hiyo aliachiwa wifi yake, dada mkubwa wa Barafu, aliyekuwa mpokea wagonjwa hospitalini. Siku moja mchana wifi akaingia karakanani na barua mkononi, akasukuma vitambaa pembeni, akaketi.

"Wifi, nimeandika mpaka vidole vimekufa ganzi. Sikiliza: 'Mimi ni dada wa tumbo moja wa mume. Siku ya ndoa nilikuwepo, na nililia kuliko bibi arusi.'"

"Umeandika hivyo kweli?"

"Si wanataka ushahidi? Wamtafute aliyelia zaidi."

Wakacheka mpaka mama jirani akasimamisha cherehani. Kisha wifi akashusha pumzi. "Afadhali sasa mtakuwa pamoja. Nilikuwa na kinyongo, nisikufiche. Ile kazi ya pale kwetu ilikuwa yake kabisa."

"Kazi ipi?"

Wifi akamtazama. "Hakukwambia?"

Ikabidi aseme yote. Hospitali ilitafuta fundi wa kudumu wa vyumba vya baridi, vile vya dawa na damu, na mkuu wa mafundi akamkumbuka Barafu. Walipompigia, alifurahi kama mtoto. Ng'ambo hakuwahi kupapenda, mifupa ilimuuma. Lakini kesho yake akakataa.

"Akaniambia, 'Dada, mke wangu amehangaika na karatasi mwaka mzima, anatukanwa maofisini kwa ajili yangu. Nimwambie sasa kwamba amehangaika bure?' Nafasi wamempa mtu mwingine mwezi uliopita. Na mimi akanikanya nisikwambie, usije ukajilaumu."

Pazia aliweka mkasi chini. Wifi alidhani ni huzuni tu, akampigapiga begani, akarudi kazini.

Jioni simu ilipolia, Pazia hakungoja swali.

"Karatasi ziko tayari," alisema. "Ziko tayari tangu kabla mvua hazijaanza, ila barua ya dada yako tu."

"Sijakuelewa."

"Cheti kilitoka. Tafsiri ilitoka. Vyote ninavyo."

"Na yule afisa aliyekuwa likizo?"

"Hakuwepo."

"Hakuwepo ofisini?"

"Hakuwepo kabisa, mume wangu. Nilimtunga."

"Nilimlaani sana yule mtu," Barafu alisema.

Pazia akaanza kulia. Akamweleza habari za karakana na mapazia ya zahanati, akamweleza na hofu yake.

"Kwa nini hukusema tu kwamba hutaki kuja?"

"Nilikutaka wewe. Huko ndiko nisikotaka kuja. Na wewe, kwa nini hukuniambia unataka kurudi?"

"Nilikuona unapigana kuja. Ningekukatishaje tamaa?" Akavuta pumzi. "Mficha uchi hazai. Sisi tumeuficha wote wawili."

Tena kulikuwa na jingine. Kwa kuwa maombi ya mke yalidai mume awe na mkataba mrefu, Barafu alikuwa ametia sahihi wa miaka mitatu mingine. Kuuvunja hakukuwezekana. Pazia alimwendea mkuu wa mafundi pale hospitalini, akapokewa kwa adabu, akaambiwa fundi mpya ameshahamia na familia yake.

Ikawa ni yeye tu wa kumfuata mwenzake, akaipeleka bahasha ubalozini. Karatasi hazikuwa na dosari hata moja, na kibali kilitoka upesi kuliko wengi wanavyopata. Karakana alimwachia mama jirani. Wakati wa kuagana mama yule alimuuliza bei ya kushona pazia la milango miwili, na Pazia akamwandikia kwa chaki ukutani, huku akilia.

Barafu alimpokea uwanja wa ndege na koti zito mkononi. Mikono yake ilikuwa imekauka na kupasuka. Walikumbatiana muda mrefu, watu wakiwapita na masanduku yao.

"Unajuta kuja?" alimuuliza ndani ya basi.

"Kuja sijui bado. Kukudanganya, ndiyo."

Barafu akaitikia kwa kichwa. Hakusema 'si kitu', maana jambo lenyewe lilikuwa kitu. Akamfunga vifungo vya koti kimoja kimoja mpaka shingoni, kisha akageukia dirisha, akaanza kumwonyesha njia ya kwenda kazini kwake.