Kiatu cha Soli Nene

Kosa lilikuwa langu. Ni mimi nilimwambia Kwamboka, fundi wa nguo jirani ya duka langu, avae nguo ya kanisa aende kwa daktari. Huku kwetu Masimba hauendi mbele ya mtu mkubwa ukionekana umeshindwa na maisha. Kwa hivyo akavaa ile gauni ndefu aliyojishonea, na kiatu cha soli nene nilichomtengenezea. Polio ilimwachia mguu wa kushoto mfupi, mwembamba kama wa mtoto. Akivaa hivyo, huwezi kujua.

Kaunti ilikuwa imesema fundi mlemavu atalipa nusu ya leseni ya duka, bora daktari aweke sahihi. Nusu Kwamboka alikuwa nayo. Yote hakuwa nayo, na kanjo, askari wa kaunti, walikuwa wanafunga duka leo jioni.

Tulikaa kwa benchi ya hospitali mpaka benchi ikapata joto.

"Makori, umenivalisha kama bibi harusi."

"Ukipata bwana huko ndani, mimi ndiye esigani, mshenga wako. Unanipatia mbuzi."

Hakucheka. Tangu kanjo wabandike notisi ya kufunga kwa mlango wake, alikuwa amewacha kucheka.

Daktari Obura alikuwa kijana mpole, macho mekundu ya kukosa usingizi. Kwamboka akatembea kutoka mlangoni mpaka kwa kiti, shingo wima, kama anapeleka sadaka.

"Mbona sioni ukichechemea, mama?"

"Ni kiatu, daktari."

Akainama akakitazama. "Hii ni kazi safi. Nani alitengeneza?"

Nikainua mkono kama mtoto wa nasari. Nilifurahi, Mungu anisamehe.

"Fundi, wewe ni hatari!" Kisha akageukia Kwamboka. "Sasa shida ni hii. Fomu inauliza vile unatembea na vifaa vyako. Na unatembea."

"Basi wacha nivue uone mguu."

"Hata ukivua, mama, fomu haina mahali pa mguu bila kiatu. Kuja mwezi ujao, daktari wa mifupa atakuwa hapa."

"Duka inafungwa leo."

"Pole sana."

Akagonga muhuri: hastahili. Nesi alikuwa ameshaita jina lingine.

Tuliporudi Masimba, kanjo wawili walikuwa mlangoni na kufuli mpya, bado iko na karatasi ya dukani. Mmoja ni Duncan. Sare ya shule ya msichana wake, Ashley, ilikuwa huko ndani, imebaki kushonewa mikono tu, juu ya cherehani.

"Madam, daktari amesemaje?"

"Amekataa."

"Basi mimi nifanye nini? Nimetumwa."

Kwamboka akakaa kwa ngazi ya duka, akafungua kamba, akavua kiatu, akanipatia nishike. Akasimama. Akaanza kutembea kuelekea barabarani, mguu mtupu. Bega likashuka, likapanda, likashuka. Gauni ya kanisa ikaburuta kwa matope. Miaka yote ambayo tumefanya kazi mlango kwa mlango, sikuwa nimemwona akitembea hivyo mbele ya watu.

Akageuka, akarudi vilevile.

"Duncan, niangalie."

Kufuli ikalia ka! Duncan akaivuta mara mbili kuona kama imeshika, halafu akaanza kusoma namba ya duka linalofuata. Wanawake wa ndizi wakapanga ndizi ambazo zilikuwa zimepangwa tayari. Mimi nilikuwa nimeinamia kiatu, napangusa soli.

"Niangalieni basi," Kwamboka akasema.